Choo cha Mtawala Ottokar

Katika nchi ya Wajerumani kila mji unaojiheshimu una mtu wa shaba juu ya farasi wa shaba, na kila mtu wa shaba ana njiwa kichwani anayefanya mambo yake. Watu wa Niederwietzsch hawakuwa na farasi wala mtu. Walichokuwa nacho ni choo.

Tena si choo cha kubezwa. Kilikuwa cha mbao, kimeegemea ukuta wa jiko la nyumba ya Eckehard Plaschke, kina mlango wa kijani wenye tundu la umbo la kopa, na ndani benchi ndefu yenye matundu mawili yaliyokaa bega kwa bega, kila tundu na kifuniko chake. Mlangoni kilipigiliwa kibao cha bluu na nyeupe, kile kile wanachopigilia kwenye makanisa ya kale na majumba ya wafalme. Maana yake ni kwamba sheria inalilinda jengo hili, na ole wake atakayeligusa.

Aliyekipatia choo heshima hiyo ni Eckehard mwenyewe, na mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nyumba ile alimozaliwa zamani ilikuwa stesheni. Baba yake alikuwa bwana stesheni, na yeye akafanya kazi ya kuruhusu treni miaka arobaini na mitatu: kuinua mkono wa ishara, kuushusha, na kuandika daftarini saa na dakika. Reli ilipong'olewa na njia yake kufanywa ya baiskeli, akainunua nyumba, akabaki na saa ya ukutani, kofia nyekundu ya kazi, na ule ugonjwa wa kuandika. Mtu aliyeandika treni miaka arobaini na mitatu, ukimnyang'anya treni, ataandika chochote kitakachopita mbele yake.

Akajiunga na Chama cha Wapenda Kwao, ambacho kila kijiji cha huko kinacho, na kila mwenye mvi ni mwanachama. Mwaka huo huo wenzao wa Oberwietzsch, kijiji cha juu kilimani, walipigiliwa kibao cha bluu kwenye daraja lao. Daraja lenyewe ndama akilivuka, mkia wake ungali ng'ambo. Wivu ukaingia Niederwietzsch kama mafua. Eckehard akajifungia wiki sita, akatoka na ripoti ya kurasa thelathini na nane.

Ripoti ilisema hivi. Katika mwaka wa 1887 alipita hapo kwa treni Mtawala Ottokar wa Leubenstein, ambaye nchi yake ilikuwa ndogo hivi kwamba akipiga chafya mpaka wa mashariki, watu wa mpaka wa magharibi walimwombea afya. Huko Oberwietzsch alikuwa amekaribishwa uyoga wa siki. Uyoga ukamgeuka. Treni ikasimama Niederwietzsch bila kupangwa, dakika kumi na moja, na Mtawala akashuka akiwa ameshika upanga wake kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono mwingine. Yaliyobaki Eckehard aliyaeleza kwa vipimo: upana wa matundu, kimo cha benchi, idadi ya misumari, hata upepo wa msimu ule huvuma kutoka wapi. Ofisi ya majengo ya kale ya wilaya ilipoisoma haikuona pa kuibishia. Kibao kikaja. Matarumbeta yakapigwa, diwani akahutubia kuhusu "dakika kumi na moja zilizotuunganisha na historia," na Eckehard akalia machozi.

Tangu hapo, miaka kumi na tisa, wasafiri hawakukoma. Njia ya baiskeli ilipita nyuma ya ua, na wenye baiskeli wa nchi ile wakiwa safarini hawaachi kitu chenye kibao. Walikuja na helmeti zao na kaptura za kubana zisizoficha siri ya mtu, wakakuta Gunhild, mke wa Eckehard, anaanika nguo.

"Choo cha Mtawala ni hapa?"

"Fuateni pua," angejibu Gunhild, ingawa choo kilikuwa hakinuki tena. Eckehard alikuwa amekifunga kwa kamba nyekundu kama ile ya majumba ya wafalme, na ilikuwa mwiko mtu kukaa.

"Baba," alimwambia mumewe, kama wanavyoitana wazee wa huko waliokwisha kulea, "watu hawa wana ngome, wana makanisa yenye minara, wana makaburi ya watu wakubwa. Wanayapita yote waje kutazama shimo letu."

"Si shimo, Mama. Ni matundu mawili."

"Na huyo Mtawala wako alikuwa na makalio mawili?"

"Alikuwa na msaidizi wake wa kijeshi. Alikaa la kulia, kwa heshima."

Kisha goti la Gunhild likafa. Kwanza la kulia, halafu la kushoto likafuata kama kwa kulionea mwenziwe huruma. Choo chao cha kutumia kilikuwa ghorofani, vidato kumi na saba, ngazi yenyewe nyembamba na imepinda kama pembe ya beberu. Alipanda kwa kukaa, kidato baada ya kidato, kinyumenyume, na kushuka vivyo hivyo. Fundi wa viti vya kupandisha wazee alikuja, akaipima kona ya ngazi, akaipima tena, akanywa kahawa, akaenda zake. Pa kujenga choo cha chini palikuwa mahali pamoja tu: nyuma ya jiko. Mbele ya nyumba ni barabara, ubavuni ni njia ya baiskeli ya wilaya, na nyuma ya jiko ndipo alipokuwa Mtawala.

Gunhild alikuwa na dada, Ortrun, huko Zwickau, anayekaa kwenye jengo la lifti, na choo hatua nne kutoka kitandani.

"Nakupa mpaka mwisho wa Septemba," alimwambia mumewe siku moja ya Mei, amekaa kwenye kidato cha tisa akihema. "Kama sina choo chini, naenda kwa Ortrun."

"Mama, unaniacha? Baada ya miaka hamsini na moja?"

"Sikuachi wewe. Nakifuata choo."

Eckehard alimjua mkewe. Hakuwa mtu wa kutisha watu bure. Siku ile alipomwambia miaka ya nyuma kwamba akileta sungura mwingine nyumbani atampika, alimpika.

Akaomba ruhusa ya kubomoa. Ofisi ikakataa, ikamnukuu yeye mwenyewe: ukurasa wa nne, wa kumi na mbili na wa thelathini na moja. Akajifungia tena, safari hii akaandika ripoti ya kurasa arobaini na moja ya kuipinga ripoti yake ya kwanza. Ofisi ikajibu kwa adabu kwamba wameisoma, ila mwandishi wa ripoti ya pili hakufikia kiwango cha ushahidi cha mwandishi wa ripoti ya kwanza, ambayo, Bwana Plaschke atafurahi kusikia, wanaitumia kufundishia wafanyakazi wapya.

Hakufurahi kusikia.

Mwisho wa barua ile hata hivyo palikuwa na mstari mmoja: Daktari Wiebke Tannhoff wa ofisi hiyo atafika mwenyewe Jumapili ya pili ya Septemba. Hiyo ndiyo siku ambayo nchi nzima hufungua milango ya majengo ya kale, na watu hutoka na watoto na mbwa kwenda kuchungulia vyumba vya chini vya watu wengine. Eckehard akaamua. Siku hiyo, mbele ya Daktari na mbele ya kijiji, angekiri kwamba hadithi ya Mtawala hana karatasi ya kuithibitisha. Mtawala akianguka, kibao kinaanguka. Kibao kikianguka, Gunhild anabaki.

Siegmar Noack, mwenyekiti wa Chama, aliyekuwa mchinjaji kabla ya kustaafu na shingo yake kama mguu wa meza, alipopata fununu alikuja mbio.

"Jirani, umerukwa na akili? Ukimtoa Mtawala, Niederwietzsch inabaki na nini?"

"Inabaki na mke wangu."

"Mke wako hana kibao!"

Eckehard alimfungia mlango.

Jumapili ikafika, jua limetoka vizuri. Kufikia saa nne watu walikuwa wamepanga foleni kutoka chooni hadi kwenye meza ya keki za plamu za mke wa Siegmar. Daktari Tannhoff alikuja na gari moshi hadi mji wa jirani, akamalizia kwa baiskeli: mwanamke mrefu, mkimya, viatu vya kupandia milima, daftari mkononi. Eckehard alivaa kofia yake nyekundu. Mfukoni alikuwa na maungamo, kurasa tisa.

"Mabibi na mabwana," alianza, "leo nina jambo zito la kusema kuhusu Mtawala Ottokar."

"Alikaa lipi?" akadakia mzee mmoja wa baiskeli mwenye masharubu.

Miaka kumi na tisa alikuwa akijibu swali hilo. Ulimi haukumsubiri.

"La kushoto," alisema. "La kulia alikaa msaidizi wake wa kijeshi, kwa heshima."

Watu wakacheka. Na mzee akichekewa hadithi yake ni kama mbwa akikunwa sikio; hawezi kuondoka. Akawaeleza upanga. Akawaeleza uyoga. Alipofika pale Mtawala anapomwuliza bwana stesheni kama treni inaweza kumsubiri, na bwana stesheni anajibu, "Itategemea na Mtukufu mwenyewe," mwanamke mmoja alilazimika kushikilia mti. Kurasa tisa zilikuwa bado mfukoni.

Gunhild alimsikiliza dirishani pa jiko. Tangu asubuhi alikuwa akipokea wageni wanaoomba maji, na kwa kila mgeni alikunywa naye kikombe cha kahawa. Aliitazama ngazi. Aliitazama foleni. Akachukua fimbo yake, akatoka.

"Nipisheni."

Watu wakadhani ni sehemu ya maonyesho, wakampisha. Alimpita Daktari, akampita mumewe bila kumtazama, akaifungua kamba nyekundu kwa mkono mmoja, akaingia, akajifungia. Komeo likalia ndani: ta!

"Gunhild!" Siegmar alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Toka humo! Hilo ni jengo la kumbukumbu!"

"Siegmar," sauti ikatoka kwenye tundu la kopa, "ondoka mlangoni, nami niache kumbukumbu."

Mtoto wa mtu akacheka, mama yake akamziba mdomo. Daktari Tannhoff alisogea hatua mbili, si karibu mno.

"Bibi Plaschke, samahani. Jengo hili linatumika?"

"Unasikia nini, mwanangu?"

"Namaanisha, hutumika siku zote?"

"Tangu Machi. Huyu akienda kununua mikate saa moja asubuhi, nafungua kamba, nakaa, namwaga unga wa mbao, nafunga kamba. Ngazi ile siiwezi mara sita kwa siku."

"Bibi," akauliza yule mwenye masharubu, ambaye sasa alikuwa amesahau baiskeli yake kabisa, "unakaa lipi?"

"La kulia. La kushoto lina vibanzi. Kama Mtawala alikaa la kushoto, alirudi kwake na kuni."

Watu walicheka hadi njiwa wakaruka. Eckehard hakucheka. Alikuwa amekumbuka kitu. Kila asubuhi, tangu majira ya kuchipua, alikuta fundo la kamba si lile alilofunga yeye, lile la wafanyakazi wa reli. Naye akaandika katika daftari lake, kama alivyozoea: *Machi kumi na nne, kamba imeguswa na wasiojulikana. Machi kumi na tano, kamba imeguswa tena. Nashuku watu wa Oberwietzsch.* Kurasa mbili na nusu alizijaza mashtaka ya wasiojulikana, na asiyejulikana mwenyewe anampakia siagi kwenye mkate meza ile ile. Mkewe alikuwa akiiba haja nyumbani kwake, kwa kuogopa kamba ya mumewe.

Alivua kofia nyekundu. Kurasa tisa hakuzitoa.

"Sina karatasi yoyote," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya hadithi. "Bibi yangu alinisimulia nikiwa na miaka sita. Bibi yangu alisimulia pia kwamba paka wake alijua kusali. Huyo Mtawala labda alikwenda kichakani kama watu wengine. Mtu ninayejua kwa hakika kwamba amekaa humu ni mke wangu."

"Umetuua," Siegmar alinong'ona. "Oberwietzsch watacheka hadi Krismasi."

Daktari Tannhoff alikuwa akiandika. Alipoinua kichwa alionekana kama mtu anayetafuta njia ya upole ya kusema jambo.

"Bwana Plaschke, Mtawala sisi hatukumlinda. Ofisi ililinda benchi. Choo cha stesheni ndogo kilichobaki na mbao zake zote, katika wilaya hii sina kingine. Mtawala tulimweka chini ya ukurasa, kwa maandishi madogo. Kwa kukuheshimu wewe."

Eckehard angeweza kuvumilia kuambiwa mwongo. Kuambiwa kwamba miaka kumi na tisa alikuwa maandishi madogo, hilo lilimfanya akae kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Ila sikiliza," Daktari aliendelea, naye akachuchumaa ili wawe sawa. "Jengo la kale huoza likiachwa, haliozi likitumika. Umeniomba ubomoe, hapo lazima nikatae, hata ungeleta kurasa mia. Hukuniomba kulitumia. Mwenye jengo linalofanya kazi yake ya asili anaweza kuomba kulisaidia liifanye: maji, joto, chumba cha kuogea nyuma ya benchi, mlango kutoka jikoni. Benchi ibaki, mlango wa kijani ubaki. Hilo naweza kulitia sahihi."

"Kwa muda gani?"

"Karatasi zikikamilika, miezi minane."

"Septemba ina siku thelathini!" ikasema kopa ya mlangoni.

Na kweli, Gunhild hakurefusha siku hata moja. Ahadi ya ofisi si choo, alisema. Ni ahadi, na juu ya ahadi hakuna aliyewahi kukaa. Jumatatu yake sanduku likateremshwa kutoka juu ya kabati.

Kwa mara ya kwanza tangu reli ing'olewe, Eckehard hakuandika kitu. Fomu ya maombi alimpa Siegmar aijaze, kwa kuwa Siegmar alikuwa na haja ya kujitakasa na lile neno lake kwamba Gunhild hana kibao. Yeye akachukua zana. Kupigilia msumari kwenye jengo lile bila kibali ni kosa, basi hakupigilia hata mmoja. Akachimbia nguzo mbili za zamani za ishara kwenye udongo wa ua, ambao haulindwi na sheria yoyote, akatandaza ubao kati yake uwe wa kushikilia kutoka mlango wa jiko hadi mlango wa kijani. Akatundika taa kwa kamba. Akaweka jiko dogo la umeme la kupasha joto, lisimame lenyewe. Akang'oa kibao cha kahawia pale kwenye njia ya baiskeli kilichoelekeza wageni. Ile kamba nyekundu akaitumia kufungia nyanya.

Na usiku hakulala vizuri kwa sababu ya jambo moja, hata akaamka alfajiri ya siku ya tatu, akachukua msasa, akaingia chooni, akakwangua vibanzi vya tundu la kushoto mpaka mbao ikawa laini kama shavu. Hilo lilikuwa kosa kweli kweli, la kuharibu jengo linalolindwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvunja sheria, naye alikuwa na miaka sabini na saba. Alipomaliza akajifuta vumbi, akaenda kumwambia mkewe kabla hajaulizwa.

"Umekwangua ushahidi wako," Gunhild alisema.

"Haukuwa ushahidi. Vilikuwa vibanzi."

Eckehard aliona kwamba hakukunja nguo nyingine siku ile.

Tarehe thelathini sanduku lilisimama kando ya mlango wa jiko, limefungwa mikanda. Ortrun alikuwa amekwisha piga simu mara mbili kuuliza treni ya saa ngapi. Gunhild alivaa koti lake la safari, akashika ule ubao wa kushikilia, akasema kwamba safari ni ndefu na hawezi kuondoka bila kupitia mahali. Akaingia. Akakaa muda.

Hapo ndipo wakafika watu wawili wa baiskeli, mume na mke, mvua imewalowesha, kitabu cha wasafiri kimefunguliwa kwenye ukurasa wake.

"Mzee, choo cha Mtawala ni hapa? Tumetoka mbali."

Katika miaka kumi na tisa Eckehard hakuwahi kumrudisha mgeni, hata wale waliokuja wakati wa mazishi ya shemeji yake.

"Kimefungwa," alisema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka atoke."

Wakatazamana. Mvua ikapiga paa. Taa ikayumba kidogo kwenye tundu la kopa.

"Baba."

"Naam, Mama."

"Hilo jiko lako dogo linapasha joto mgongo tu. Miguu inaganda."

"Nitalishusha chini."

"Lishushe leo. Na mpigie Ortrun. Mwambie asitandike."

Eckehard aliingia jikoni kwa haraka ambayo magoti yake pia hayakuitegemea, akalipita sanduku, akainua simu. Wale wa baiskeli akawaacha wamesimama mvuani na kitabu chao, wakiusubiri mlango.